Taa ya Kuazima

SEHEMU YA TISA

Kidole cha Nyaruai kilikuwa juu ya swichi. Hapo ndipo tulipokatiza juma lililopita, na nimesikia kuna kioski cha chai pale Kiminini ambako watu walibishana hadi mandazi yakapoa. Wengine walisema hatabonyeza. Wengine walisema atabonyeza, ila taa itagoma.

Alibonyeza. Na taa haikugoma.

Balbu ya barazani iliwaka, nyeupe pe, saa za mchana, bila haya hata kidogo.

"Kumbe mama uko na stima," akasema Nyaruai.

"Ni kasola tu, madam," akajibu Lenah. Na kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kusifiwa, akatabasamu.

Nyaruai aligusagusa tableti yake. "Hongera. Basi wewe tunakuweka awamu ya pili."

Tabasamu la Lenah lilibaki usoni peke yake. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Sasa, wewe msomaji uliyeingia leo na kutukuta katikati, vuta kiti nikueleze upesi. Dunia inapata joto. Wakubwa wake walikutana katika hoteli moja yenye ubaridi wa mashine, wakakubaliana kwamba moshi upunguzwe. Baada ya kutafuta sana moshi huo unatoka wapi, wakaona upo mwingi katika jiko la mawe matatu la Lenah, mjane wa hapa Ndalu, mfuga kuku, mama wa kijana mmoja anayeitwa Derrick ambaye yuko bweni kule Kimilili. Ndipo ukaletwa Mradi wa Mwanga Mlangoni, wa kutuvutia stima.

Transfoma ni moja. Waya zitaanza kwa wale ambao bado wanawasha koroboi ya mafuta ya taa na kupikia kuni. Mwenye stima ya aina yoyote, hata ya sola, angoje awamu ya pili. Na awamu ya pili sote twaijua. Ina jina, ina kamati, haina waya.

Lenah hangeweza kungoja awamu ya pili. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa pekee akanunua mashine ya kuangulia vifaranga, kwa sababu alisikia stima inakuja. Ng'ombe alikwenda. Stima haijaja. Mashine imekaa jikoni imefunikwa leso kama maiti, na kila jioni Lenah huipangusa vumbi na kuiomba msamaha.

Basi imekuwaje mwanamke mwenye shida hiyo akutwe na sola juu ya paa na jiko la gesi sebuleni?

Ni heshima tu. Ndalu mgeni akisema anakuja, huwezi kumwachia umaskini wako aukalie. Unaazima. Viti kwa jirani, vikombe kwa mke wa mchungaji, kitambaa cha meza kwa bibi harusi wa juzi. Hakuna anayeona ni uongo, na wageni wenyewe wakirudi kwao hufanya vivyo hivyo. Safari hii, mwenyekiti wa kamati ya mradi, Mzee Wekoye, alipita mlango kwa mlango akitangaza, "Wageni wanakuja, jiandaeni!" Wekoye ni ofisa mstaafu, ndiye mwenye nyumba iliyojaa kuliko zote, na ni shemeji yake Lenah kwa upande wa marehemu mumewe.

Na hakutangaza tu. Aliazima! Sola na gesi kwa Lenah. Runinga kwa Joan, jirani yake Lenah. Makochi huku, redio kule, viti kila mahali. Vitu vilitoka kwake kwa wilbaro, akisukuma mwenyewe, mzee wa watu. Jumapili Lenah alisimama kanisani akamwombea maisha marefu.

Leo angependa kuyarudisha maombi hayo.

"Madam, ngoja," akasema Lenah. "Hiyo sola si yangu. Nimeazima."

Nyaruai alishusha pumzi. Alikuwa msichana wa ofisi ya mradi kule Kitale, mzaliwa wa Kiminini, mwenye adabu na mwenye viatu vilivyojaa matope ya kutwa nzima.

"Mama, nikisema tu awamu ya pili, vitu vyote vinakuwa vya kuazima. Huko juu kuna mama ameniambia hata bwanake ni wa kuazima."

"Haki ya Mungu, madam, si yangu!"

"Na kwa nini mtu aazime? Si tulisema mwenye stima anangoja, mtu asiguse kitu, tukute nyumba vile ziko?"

"Mliambia nani?"

"Mwenyekiti wenu. Mimi mwenyewe nilimpigia simu. Akasema amenielewa sana, atapita kila mlango."

Lenah alitafuta kiti akakaa. Nacho hakikuwa chake.

"Na kwake umefika?" akauliza polepole.

"Kwa Mzee Wekoye? Si ndio nilianzia huko." Sauti ya Nyaruai ikalainika. "Maskini. Mtu amefanyia serikali kazi mpaka akastaafu, nyumba tupu namna hiyo. Koroboi moja kwa meza. Mimi alinipea ndoo nikakalia. Nilikuwa karibu kulia, mama. Transfoma tutaweka hapo kwa geti yake."

Lenah alikuwa akiwaza wilbaro.

Nawe umeshaelewa, msomaji, usijifanye. Wekoye alitajirisha kijiji kizima kwa siku moja, yeye akawa maskini kwa siku hiyo hiyo. Na uzuri wa jambo lenyewe ni kwamba hakuiba, hakughushi, hakumpa mtu hongo. Alikuwa mkarimu tu.

Nyaruai aliinuka. "Acha niende, mvua inakuja."

"Utaendaje bila kuonja kitu?" akasema Lenah. Ndivyo alivyolelewa. Mtu anakunyang'anya stima na bado huwezi kumwacha aondoke mdomo mkavu. "Kuku ulikataa."

"Sheria ya mradi, mama. Haturuhusiwi kula kwa watu."

"Basi kuku amekufa bure. Kunywa hata chai."

Sheria haikuwa imetaja chai. Lenah akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na birika, akamimina. Nyaruai akapiga funda la kwanza, akasita. Akanusa kikombe. Akapiga funda la pili, akalizungusha mdomoni.

"Mama, hii chai umepika na nini?"

Lenah akafungua mdomo aseme gesi. Ndivyo Wekoye alivyomfundisha: wakiuliza, useme gesi, usituangushe. Jiko lenyewe lilikuwa pale sebuleni juu ya stuli, limevikwa kitambaa cha kufuma.

"Hii ni moshi," akasema Nyaruai. "Hii ni chai ya shosho, ya nyanya yangu kabisa."

Akaliendea jiko, akazungusha kitufe. Kimya. Akaushika mtungi, akauinua kwa mkono mmoja. Mtungi ulikuwa mtupu. Wekoye alikuwa mkarimu, lakini si mjinga.

"Mama, jikoni ni wapi?"

Hapo Lenah aliona aibu, aibu ya kweli. Jiko lile la nyuma alikuwa amelifunga kwa kufuli akauficha ufunguo kifuani, akaapa hakuna mgeni atakayekanyaga humo. Masizi yananing'inia darini. Kuta ni nyeusi ti. Ndimo alimokohoa mumewe miaka yote hadi kifua kikamshinda. Kumwonyesha msichana wa ofisi mahali pale aliona ni sawa na kumvulia nguo.

Lakini alifikiria awamu ya pili. Akautoa ufunguo.

Nyaruai aliingia na hakukaa. Aliona mawe matatu, kuni mbichi zikitoa povu, tembe amelalia mayai pembeni. Akainua leso kwenye kona, akaiona mashine, mpya, ikiwa bado na nailoni yake. Alipotoka nje machozi yalikuwa yakimtiririka, na si yote yalikuwa ya moshi.

"Unapika humo kila siku?"

"Kwani nitapika wapi?"

"Na hiyo mashine?"

"Inangoja nyinyi."

Nyaruai alijipangusa macho. "Mimi nakuamini, mama. Lakini nikifika ofisini na neno lako peke yake watanicheka. Mwenye hizo vitu aseme kwa mdomo wake ni zake. Akisema, nabadilisha hapa hapa, uko awamu ya kwanza."

"Akisema, yeye atakuwa wapi?"

Nyaruai alifikiri kidogo. "Awamu ya pili."

Wakatazamana. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mmoja aseme ukweli, na ukweli umgharimu stima. Katika historia ya Ndalu jambo la namna hiyo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Twende," akasema Lenah, akajifunga leso kiunoni.

Njiani Joan aliwaona akaungana nao, nyuma yake wengine wakajiunga, maana hakuna kinachokusanya watu kama mjane aliyejifunga leso akielekea kwa shemejiye. Mawingu ya Mlima Elgon yalikuwa yameshashuka, na kiza cha mvua kimeanza kutanda juu ya mahindi.

Mzee Wekoye alikuwa mlangoni, amekalia ndoo, amevaa koti lililopasuka kwapani ambalo Lenah hajawahi kuliona. Kando yake koroboi ilikuwa inawaka. Ilikuwa haijafika jioni, lakini mtu aliyejiandaa hujiandaa.

"Karibuni, karibuni wageni," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Mtanisamehe, sina viti."

"Viti vyako viko kwangu, shemeji," akasema Lenah.

Watu wakaguna. Wekoye hakupepesa jicho.

"Shemeji, mbona wanichezea? Viti gani?"

"Viti, sola, na mtungi ambao hauna gesi. Ulileta na wilbaro. Mwambie huyu madam ni yako ndio nipate stima."

"Mzee," akasema Nyaruai kwa upole, "ni swali moja tu. Hizo vitu ziko kwa Mama Derrick, ni zako ama si zako?"

Wekoye aliitazama koroboi kama anayeomba ushauri.

"Madam, nikiwa na sola nitawasha hii kitu initie masizi puani? Nikiwa na gesi nitakula githeri baridi? Mimi hata kiberiti naomba. Huyu ni mke wa ndugu yangu, nampenda. Amesumbuka tangu ndugu yangu aende. Labda ni mawazo." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hizo vitu si zangu. Mungu ananiona."

Wakati huo Mungu alikuwa na mawingu mengi mbele ya macho.

Lenah alitaka kumrukia. Alitaka kumvua lile koti la uongo mbele ya watu. Badala yake alisimama tuli, na polepole wazo likamjia, wazo zuri, akashangaa kwa nini halikuja mapema.

"Si zako, shemeji?"

"Si zangu."

"Sola si yako."

"Nimesema si yangu, bana!"

"Jamani mmesikia?" Lenah akawageukia watu. "Basi kama ziko kwangu na hazina mwenyewe, ni zangu. Na kitu changu sirudishi kwa mtu."

Kicheko kilipasuka. Joan alipiga makofi. "Ati hata TV si yako, mzee? Basi ni yangu! Na stendi yake! Watoto wangu watafurahi sana."

"Na makochi ni yangu!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Redio nimepata mimi!"

Jasho lilianza kumtoka Mzee Wekoye. Alikuwa amepanga kila kitu, jinsi ya kuvitoa vitu, jinsi ya kuvirudisha wageni wakishaondoka, ila hakuwahi kupanga kwamba neno lake litaaminiwa.

"Mama," Nyaruai akamnong'oneza Lenah, "ukisema ni zako, mimi lazima niandike uko na sola. Umeme umepoteza. Umefikiria?"

Lenah alikuwa amefikiria. Sola ile si ya kuchajia simu. Ni kubwa, ilikuwa ikiendesha friji kwa Wekoye. Kwayo mashine ya vifaranga ni mchezo. Angeangua mayai yake bila transfoma, bila awamu, bila kamati. Kwa sekunde chache wazo hilo lilikuwa tamu, nami sitamlaumu, maana hata wewe ungelilamba.

Lakini mali ya mtu ni mali ya mtu, na Lenah alijua hivyo. Alichotaka ni Wekoye apasuke. Na alimwona anaanza kupasuka.

"Andika, madam," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Andika sola ni yangu."

Wekoye aliruka kutoka kwenye ndoo. "Shemeji! Hebu kuja tuongee kando kidogo..."

"Ongea hapa hapa."

"Hii mambo ni ya familia..."

"Sema ni zako tumalize!"

"Basi sikiza..." Mdomo wake ulifunguka. Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Nyaruai aliinua tableti. Joan akaacha kucheka, maana ukweli ule ungeondoka na runinga.

Hapo pikipiki ikalia getini.

Aliyeshuka alikuwa Rosaline, mke wa Wekoye, na mfuko mkubwa begani. Alikuwa Kitale kwa binti yao Linet aliyejifungua, na hakutarajiwa hadi wiki ijayo. Kwa hiyo mengi ya nyumba yake alikuwa hajaambiwa. Wekoye alimwona akakauka.

"Mulembe," Rosaline akawasalimia watu, akiwa ameshangaa kuwaona wengi hivyo. "Kwani kuna harambee? Baba Linet, hiyo koti umetoa wapi?"

Hakungoja jibu. Alikuwa amebeba nyama ya kuweka kwenye friji. Akapita katikati yao, akaingia ndani.

Matone ya kwanza ya mvua yakapiga bati.

Kisha yowe likatoka ndani ya nyumba ile tupu, yowe la kuamsha Ndalu yote.

"Uuuwi! Wezi! Tumeibiwa! Wamebeba kila kitu! Baba Linet, wametumaliza!"

Alitoka mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. "Sola yangu! Sola ambayo nimenunua na pesa ya kikundi chetu cha akina mama, wametoa mpaka waya! Na wewe umekaa hapo na ndoo unaangalia?"

Nyaruai alimgeukia Wekoye, na safari hii sauti yake haikuwa na upole.

"Mzee, umesema hamkuwa na kitu. Sasa mama ameibiwa nini?"

Lenah alikaribia kucheka. Imekwisha, alijiambia. Akikubali kwamba alikuwa na mali, amenaswa. Akikataa, mkewe atammeza mzimamzima. Hakuna mlango mwingine.

Lakini Mzee Wekoye alitumikia ofisi za watu miaka mingi, na mtu wa namna hiyo akikosa mlango hupasua ukuta. Lenah aliuona uso wake ukitulia. Jasho likakauka. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Madam, nisamehe," akasema taratibu. "Ni aibu ilinishika. Mzee mzima, mwenyekiti, nitaanzaje kuambia mgeni ati nimeibiwa? Nikaona heri niseme sina. Na si uongo. Sasa hivi kweli sina kitu. Hiyo nafasi ya kwanza mlinipea ni haki yangu."

Akamnyooshea Lenah kidole.

"Mwenye kuchukua simjui. Lakini nyote mmemsikia huyu. Amesema sola iko kwake. Amesema ni yake. Amesema hairudishi kwa mtu."

Lenah akamsogelea. "Shemeji! Si ulileta mwenyewe? Si ulikuja na fundi akapanda juu ya nyumba?"

"Fundi gani? Anaitwa nani?"

Hakujua jina lake. Alimpa uji, hakumuuliza jina, na alikuwa ameshasikia kwamba fundi yule amerudi kwao.

"Joan!" Lenah akamshika jirani yake mkono. "Joan, sema! Si alikuletea TV na wilbaro, mimi nikikusaidia kuishusha?"

Joan, aliyekuwa akidai hata stendi ya runinga muda mfupi uliopita, aliutoa mkono wake taratibu.

"TV?" akasema. "TV gani, Mama Derrick? Mimi kwangu hata redio sina."

Wa makochi alikuwa ameshaondoka. Wa redio alikuwa anaondoka, huku akitembea haraka kama aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi.

Rosaline alikuwa na simu sikioni, akingoja kituo cha polisi kipokee. Mvua ilikuwa imeshika sasa, na kiza chake kimelifunika shamba zima hadi ng'ambo. Ghafla akaishusha simu. Alikuwa akitazama juu ya mahindi, kwenye kilima cha pili, ambako kitu kimoja tu kilikuwa kinaonekana katika giza lile, cheupe, kimetulia, kikiangaza baraza tupu.

"Ile taa ni ya nani?" akauliza.

Nyaruai alimtazama Lenah, na Lenah akaitazama taa yake ikiwaka, kwa maana katika ile haraka yote hakuna aliyekumbuka kuizima.